Namba Isiyotaja Kipimo Chake

Umewahi kushuka kwenye mizani ya zahanati, ukajiuliza ile namba yako inakwenda wapi?

Saa mbili asubuhi, katika zahanati ya Nordby, Minnesota, muuguzi anampima Elsie, mtoto wa miaka mitano mwenye soksi za rangi mbili. "Arobaini na nne!" anaita.

Lorna Tvedt, karani wa kumbukumbu za wagonjwa, anaandika 44 kwenye kompyuta, anaituma hospitali, kisha hapo hapo anainua simu.

"Hospitali? Lorna tena. Ya Elsie ni ratili, si kilo. Eeh, ratili. Haya, msalimie mumeo."

Nordby kila kitu ni ratili, kipimo kisichofika hata nusu kilo, kuanzia samaki wa ziwani hadi watoto. Hospitali, maili arobaini kutoka hapo, hukadiria dawa kwa kilo. Na programu ya zahanati, iliyonunuliwa rahisi bila cheti cha ukaguzi, hupeleka namba tupu.

Miaka tisa iliyopita, mtoto mmoja alinusurika kupewa dawa zaidi ya maradufu. Mfamasia ndiye aliyeshtuka: "Mtoto wa chekechea ana kilo hamsini?"

Tangu siku hiyo Lorna hupiga simu, kama kumi na mbili kwa siku. Likizo hajaenda.

Leo Craig, muuzaji wa programu mpya, amekuja na kompyuta mbili na kisanduku cha donati. Daktari Amundson, mkuu wa zahanati, ameshaipenda bei.

"Ina cheti?" anauliza Lorna, akipangusa sukari mezani.

"Kiko njiani, mama."

"Kinakuja kwa miguu?"

Daktari anacheka. Lorna anamwomba Craig atume uzito wa mgonjwa wa majaribio. Kwenye kompyuta ya pili inatokea 44. Basi.

"Cheti maana yake mtu asiyeiuza ameijaribu," anasema Lorna. "Akaona namba inafika na kipimo chake, na dawa inayomdhuru mgonjwa inafika ikitajwa kwa jina."

"Lakini si unapiga simu?" anasema daktari. "Tangu hapo hatujakosea hata mara moja."

Lorna anafunika donati taratibu.

"Dokta, nina miaka sitini na sita. Mwaka wa nne huu nashindwa kukwambia. Nataka kustaafu. Nataka niondoke, na asidhurike mtoto wa mtu kwa sababu mimi sipo."