Noti ya Mama, Mstari wa Tatu

Kujua kama marehemu mama yangu aliimba sawasawa kulinigharimu shilingi elfu thelathini na nne. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau sadaka.

Mama aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu, juu kidogo ya Tengeru. Nyimbo za kitabuni alizifanyia mazoezi shambani akichuma kahawa, mimi nimemshikia kikapu. Kwa hiyo nilizijua zote kwa sauti ya pili tu, na nilipoanza kukaa kanisani na watoto wenzangu nilishangaa usharika mzima unakosea. Hatukuwahi kumrekodi. Huu ni mwaka wa nne tangu afariki, na sauti yake imebaki kooni mwangu, basi.

Huku Olasiti ninakosali sasa, kinanda kina spika mbili kubwa kuliko kabati langu, na wote tunaimba sauti ya kwanza. Mimi huimba yangu chinichini, nikajiona nimekaa na mama. Mwaka huu kwaya ya akina mama ikaamua kuimba wimbo mmoja wa mavuno kwa sauti nne, bila kinanda. Nilijiunga siku hiyohiyo, hata bei ya sare sikuuliza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mazoezi ya pili, mwalimu wa kwaya, kijana mpole, akatusimamisha. Mwisho wa mstari wa tatu sauti ya pili inashuka, na kuna mtu anabaki juu. Mtu huyo alikuwa mimi. Nikamwambia kitabu ndicho kimekosea.

Jumapili iliyofuata nikapanda hadi kwenye usharika wa mama kutafuta shahidi. Alikuwapo mmoja, rafiki yake aliyesimama naye sauti ya pili miaka yote. Nilimkuta nje baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka za mazao. Nikamwamkia, nikaanza kueleza shida yangu, akanikatisha: kuku aliyemtoa yeye ndiye anayefuata, nimnunue kwanza, maneno baadaye. Mzee wa kanisa akaanzia elfu kumi. Kwa mazoea ya sokoni nikasema nane. Watu walicheka mpaka mchungaji akageuka, na aibu ile ikanipandisha hadi elfu ishirini na tano. Zilizobaki zilikuwa nauli na sadaka.

Tukakaa kwenye ngazi za kanisa, kuku miguuni, tukaimba taratibu. Mwisho wa mstari wa tatu yeye akashuka, mimi nikabaki juu, noti zetu zikakwaruzana. Akanishika mkono.

“Hapo alikuwa anakosea, mwanangu. Mwalimu wetu alimrekebisha mpaka akachoka.”

“Mama, una uhakika?”

“Nilisimama pembeni yake, nitakosaje? Mimi chini, yeye juu, kila mwaka. Na wewe umeichukua hivyohivyo, na kosa lake.”

Kesi nilikuwa nimeshindwa. Lakini nilimwomba turudie mstari ule, na tukaurudia mara tatu. Kila tulipofika pale alifumba macho, na mimi sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Jumanne mazoezini nikaishusha noti ile. Ilitoka safi, mwalimu akatabasamu, wenzangu wakanipigia makofi. Pale ambapo siku zote humsikia mama, nilijisikia mwenyewe tu. Nikarudi nyumbani nikimtafuta njia nzima, nikiiimba juu, nikiiimba chini, bodaboda wananipisha.

Wimbo tunauimba Jumapili hii. Mwalimu hawezi kuruhusu noti mbili mahali pa moja, na namwelewa. Hata mimi kwenye biashara yangu nisingeruhusu. Ninyi mnaoimba kwaya, hasa mliofiwa mkaendelea kuimba, nishaurini kabla ya mazoezi ya Jumamosi: niishushe kama ilivyoandikwa, au nijitoe, niendelee kukosea na mama?