Viatu vya Chuma Tulivyoviacha Madhabahuni

Nilichomoa waya wa projekta kanisani, ibada ikiendelea, na mpaka leo sijaomba radhi.

Ilikuwa Jumapili ya shukrani. Kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani walikuwa wanaonekana yule kaka na mkewe, wageni kutoka ng'ambo waliokaa nasi hapa Kilindoni miezi miwili wakijitolea, kisha wakaendelea na safari zao. Sasa walikuwa Malawi, na walikuwa wametuma video ili tuone Mungu anavyowatumia huko. Kaka alisimama mbele ya watu chini ya turubai, akainua juu viatu vya binti yangu. Nilivitambua kabla hajafungua mdomo. Viatu viwili vidogo vya ngozi, vimeunganishwa katikati kwa ufito wa chuma, na kile cha kulia kina kamba ya bluu niliyoitia mwenyewe baada ya ile ya kwanza kukatika. Mchungaji wetu akawa anatafsiri. Mtoto wa kisiwa cha Mafia, akasema, mlemavu wa mguu, ameponywa kabisa, na hivi hapa vifungo vyake. Watu wa Malawi wakapiga makofi. Watu wetu nao wakapiga makofi.

Mtoto mwenyewe alikuwa mapajani mwangu. Ana miaka miwili na nusu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kugeukia ndani tena, unyayo unautazama mguu mwenzake, na kwa wiki mbili nzima nilikuwa nawaandikia wageni hao kila siku nikiwaomba viatu virudi.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka waya ulivyokuwa wa moto mkononi na shuka lilivyobaki tupu. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu na mitambo akaniambia kwa upole, "Mama, rudi ukae."

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Ushike huu mguu kwanza, halafu uniambie nikakae."

Hakuushika. Nikazunguka nao safu ya mbele, nimembeba mtoto kama mtu anayeuza samaki, nawaonyesha wale wale waliokuwa wanapiga makofi. Kila mmoja alitazama chini.

Niseme tangu mwanzo, maana mjini imeshatengenezwa hadithi nyingine, kwamba mke wa mwalimu amepandwa na pepo.

Binti yangu alizaliwa na mguu kifundo. Mguu mmoja ulikuwa umejikunja ndani kama mpini wa mwamvuli. Sisi si wazaliwa wa hapa. Mume wangu anafundisha shule ya msingi Baleni, tuliletwa na kazi kutoka Iringa, na sikuwa na mama wala shangazi wa kunishika mkono. Nilivuka bahari na kichanga mgongoni hadi Nyamisati, nikapanda basi hadi Dar es Salaam, nikakaa kwa ndugu wa mume wangu wiki saba. Kila wiki hospitalini walimnyoosha mguu kidogo, wakamfunga hogo la plasta, wakalifungua, wakanyoosha tena, wakafunga tena. Mwisho wakamchanja mshipa nyuma ya kisigino, wakampa vile viatu. Miezi mitatu avae usiku na mchana. Baada ya hapo avae akilala tu, mpaka atimize miaka minne.

Nesi alinishika bega akanitazama usoni. "Mama, mguu huu ni mkaidi. Utauona umenyooka, utafurahi, utavua viatu. Nao unasubiri hapohapo."

Nikaitikia, ndiyo dada. Nilielewa. Nina kidato cha nne, si kwamba sikuambiwa.

Sasa hao wageni. Sitawasingizia ubaya, ingekuwa rahisi wangekuwa wabaya. Ndoa yao ilikuwa na mwaka mmoja na pasi zao zilikuwa zimejaa mihuri. Walikuwa wameamua mwaka wa kwanza wa ndoa wautoe kwa Bwana, nchi baada ya nchi, wakilala popote watakapopokelewa. Walipaka rangi darasa la Jumapili. Kaka alikuna nazi kwenye mbuzi, akajikata kidole, akacheka na kuendelea kukuna. Mkewe alijifunza Kiswahili haraka, akawa ananiita dada, anakaa nami jikoni kuchambua kisamvu. Alinisimulia mito na milima waliyoiona. Mimi na mume wangu safari yetu ya ndoa ilikuwa ya kuhamia kituo cha kazi. Niliwapenda. Niliwaonea wivu pia, lakini niliwapenda.

Siku moja yule dada alimwona binti yangu akikimbia uani kumfukuza kuku. Nikamsimulia habari za mguu, nikamtolea na picha za alipokuwa kichanga kwenye simu. Akaitazama picha, akamtazama mtoto, akaanza kulia. Akapiga magoti mchangani, akaushika mguu kwa mikono miwili, akaomba, na mumewe akasogea na simu kuchukua video. Alipomaliza akaniuliza kwa nini bado namfunga chuma usiku ilhali Mungu ameshamnyoosha.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ningependa mtu alisome polepole. Mguu ulikuwa umenyooka kwa sababu ya viatu. Yeye akauona umenyooka, akadhani viatu ndivyo vimebaki kuwa mzigo. Hakuwa daktari wala nesi. Alisomea mambo ya muziki.

Na mimi nilimwamini. Nilikuwa nimechoka, na hili siwezi kulificha. Usiku mtoto analia kwa chuma kile, baba yake asubuhi anatakiwa awe kwenye pikipiki kwenda Baleni, mimi nakaa kitandani nimempakata miguu ikiwa imetanuliwa kama bikari ya hesabu. Mtu akija na sura nzuri akakuambia unaweza kulala, utalala.

Mume wangu alikataa. Akasema nesi alisema miaka minne, si miwili. Nikamwambia, "Wewe tatizo lako ni imani. Hata wageni wanamwamini Mungu kwa mtoto wako kuliko wewe." Ni mtu wa kunyamaza. Neno lile nimeshamwomba msamaha mara nyingi, na kila mara anasema yameisha, na najua hayajaisha.

Kanisani kwetu ushuhuda haupelekwi mikono mitupu. Aliyepona huleta kitu mbele: magongo, chupa ya dawa, wengine hirizi walizokuwa wamefunga. Unakiweka madhabahuni, unasimulia, watu wanaimba. Jumapili ya kuwaaga wageni nikapeleka viatu. Nilivisugua kwa mafuta ya nazi ving'ae. Binti yangu akakimbia kutoka mlangoni hadi mbele, kanisa likasimama. Baada ya ibada kaka akauliza kama wanaweza kusafiri na viatu hivyo, wawaonyeshe ndugu wa nchi nyingine. Nikawafungia mimi mwenyewe kwenye kitenge.

Mama mwenye nyumba wetu ni mzaliwa wa hapa, Mwislamu, mtu mzima, kutwa anasuka ukili wa mikeka barazani. Nilipomsimulia kwa furaha, alisuka mistari miwili mitatu kabla ya kujibu.

"Mwanangu, nadhiri mtu hutoa chake. Vile vilikuwa vyako au vya mtoto?"

Nilijiambia huyu si wa dini yetu, hawezi kuelewa. Nikaingia ndani.

Ni yeye aliyeona kwanza. Ua wake hufagiwa alfajiri, mchanga unabaki laini kama unga. Asubuhi moja, yapata miezi minne baadaye, aliniita nikiwa na sabuni mikononi, akanionyesha nyayo za mtoto kwa ncha ya ufagio. Mguu wa kushoto ulikuwa umeacha alama nzima. Wa kulia ulikuwa na vidole na ukingo wa nje. Kisigino hakikuwepo. Nikamwita mtoto apite tena. Akapita anacheka, akidhani tunacheza. Kisigino hakikuwepo.

Pale hospitali ya wilaya daktari aliupinda mguu kidogo tu, akauliza viatu viko wapi. Nikamweleza. Hakunigombeza, na ningeona nafuu kama angenigombeza. Akaandika barua ya kurudi Dar es Salaam kuanza hogo upya. Akanieleza kwamba hogo si tatizo kubwa, watamfunga. Tatizo ni baada ya hogo. Mguu ukishanyooka unatakiwa uingie kwenye viatu siku hiyohiyo. Akapiga simu Dar, wakamwambia saizi yake imekwisha, wanangoja, hawajui lini. Vile vya zamani vinaweza kufunguliwa na kuongezwa, alisema, chuma chake kinatanuka. Ukivipata vile, mama, njoo navyo. Kama mtoto atachelewa, mifupa itakuwa imekomaa na itabidi wapasue.

Nilimwandikia yule dada palepale kwenye benchi la hospitali. Nilimtumia na picha ya mguu. Akajibu upesi, kwa sauti, na sauti yake ilikuwa na upendo uleule: "Dada yangu, usimruhusu adui akuibie muujiza wako. Unachokiona kwa macho si ukweli. Sisi tunasimama na wewe."

Nikamwandikia: dada, sijakuomba usimame nami, nimekuomba viatu. Akanitumia mstari wa Biblia. Nikaandika kesho yake, na keshokutwa yake. Nikamwelekeza namna ya kutuma kwa basi hadi Mbeya, mtu wetu avipokee. Zile alama mbili za ujumbe kusomwa zikageuka bluu na jibu halikuja. Wiki mbili. Kisha Jumapili ile wakaja ukutani wakiwa wamevishika.

Baada ya ibada wazee waliniita ofisini kwa mchungaji. Nilikaa na mtoto, mume wangu kando yangu. Walizungumza kwa zamu. Kwamba wageni ni vijana wenye moyo. Kwamba kanisa lao la kule ng'ambo limeahidi kutusaidia kumalizia paa. Kwamba pengine, hawasemi ni hivyo, lakini pengine, mzazi akiwa na mashaka uponyaji hupungua. Wakaomba Jumapili ijayo nisimame niombe radhi kwa ajili ya projekta, maana ile ni mali ya kanisa.

Hapo mume wangu, mtu wa kunyamaza, akasema, "Mchungaji, mwenye mashaka nilikuwa mimi. Mke wangu aliamini kuliko sisi sote humu ndani. Mbona mguu umerudi?"

Mchungaji akasema tufunge kwa sala. Nikatoka wakiwa wamefumba macho.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alinisikiliza vizuri, mtu wa bara kama sisi. Akaniuliza, si kwa ubaya, namlalamikia nani hasa, maana wageni wameshaondoka nchini na viatu nilivitoa kwa mkono wangu.

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nataka jambo hili niliandike mimi, kabla hawajaliandika wengine."

Akanipa karatasi za mistari na meza ya pembeni. Mtoto alilala sakafuni juu ya kanga. Niliandika nakala tatu, moja ya ofisi, moja ya kanisa, moja yangu, zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Hii ni yangu.

Kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya. Nakala kwa Mchungaji na wazee wa kanisa.

Yah: Malalamiko kuhusu kuvuliwa na kuchukuliwa viatu vya tiba vya mtoto.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa mtoto wa kike mwenye umri wa miaka miwili na nusu, mkazi wa Kilindoni. Ninawalalamikia wageni wawili, mume na mke, waliokuwa wakijitolea kanisani kwetu, kwa kunishauri niache tiba ya mtoto wangu bila wao kuwa wataalamu wa tiba, kwa kuondoka na viatu vyake vya tiba, na kwa kukataa kuvirudisha baada ya kuonyeshwa kwamba mguu umeharibika. Ninaulalamikia pia uongozi wa kanisa kwa kuonyesha video ya mtoto wangu kuwa amepona ilhali wanamwona kila Jumapili.

Nakiri kwamba viatu nilivivua mimi na kuvitoa mimi, na baba wa mtoto alinikataza. Naomba jambo hili lisitumike kulifunga jalada, kwa sababu mtoto hakutoa kitu chochote na mguu ni wake.

Naomba ofisi yako iwasiliane na wageni hao kupitia kanisa lililowapokea ili viatu virejeshwe kabla hogo la mwisho halijafunguliwa. Naomba video zote za mtoto zifutwe. Naomba kanisa lielekezwe kwamba mgeni yeyote anayekuja kujitolea asiguse tiba ya mtoto wa mtu, hata kama anaomba, hata kama analia, mpaka daktari aulizwe.

Ninasafiri na mtoto Alhamisi kwenda Dar es Salaam kufungwa hogo la kwanza. Majibu apewe baba yake. Endapo viatu havitapatikana, naomba nijulishwe kwa maandishi kwamba havitapatikana, ili nimwonyeshe daktari, na ili mtoto akikua akaniuliza niwe na karatasi ya kumpa asome.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mtoto.