Orodha ya Waliokunywa Maji

Nilipaswa kumwambia Padre kwamba orodha ile siwezi kuisoma. Yalikuwa maneno mawili tu: "Padre, siwezi." Angeniuliza sababu, ningemweleza, na mambo yangekwenda kwa njia nyingine. Badala yake niliinamisha kichwa nikasema, "Ndiyo, Padre." Nikaipokea karatasi aliyoninyoshea, nikaenda kuijaza.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Upande wetu, mwendo wa siku moja na nusu kutoka Lindi kwa njia ya kijiji cha Mtama, vita vya Maji Maji vilikuwa vimetulia, lakini askari wa Wadachi walikuwa wamechoma maghala, na mtama uliobaki mashambani uliliwa na nguruwe. Watu walikuwa wakichimba ming'oko, viazi vya mwitu, porini tangu alfajiri. Padre, Mwingereza aliyekimbilia pwani vita vilipoanza, alikuwa amerudi akakuta kanisa limesimama, kuta zake za fito na udongo nzima, kengele iko juu ya mti wake. Alilia kwa furaha. Mimi ndiye niliyelilinda, au ndivyo alivyoamini. Nilikuwa mwalimu wa kanisa, kijana wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimesoma Unguja katika shule ya misheni hadi darasa la juu, na Padre alikwisha kumwandikia Askofu kwamba nifikiriwe kwa ushemasi.

Furaha yake haikudumu. Wiki ya pili alisikia kwamba Wakristo wengi walikunywa dawa ya maji. Kwake hilo lilikuwa kuukana ubatizo. Akaamua kwamba waliokunywa watatajwa hadharani Jumapili, kila mmoja atatoka mahali pake na kwenda kukaa mlangoni pamoja na wasiobatizwa, na hatapokea Komunyo mwaka mzima.

"Wewe unawajua wote," aliniambia. "Andika majina, kisha uyasome mwenyewe. Wakisikia sauti yako hawatasema ni Mzungu anawaonea."

"Ndiyo, Padre."

"Kama yupo aliyelazimishwa, na ana shahidi, usimwandike. Huyo nitamsikiliza faragha." Kisha akanitazama. "Na wewe, mwalimu? Hawakukugusa?"

"Hapana, Padre. Mungu alinificha."

Sasa niseme jinsi nilivyofichwa, na aliyenificha hakuwa Mungu peke yake.

Nilikuwa na dada mmoja, mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Kwetu watoto ni wa upande wa mama. Baba huwazaa na kuwalisha, lakini anayewaoza, anayewatetea barazani, wanayemzika wao, ni mjomba. Mama yetu alipofariki, wazee walinisimamisha mbele ya watu wakanikabidhi dada na wanawe. "Nyumba hii ni wewe," walisema. Niliitikia kwa sauti kubwa, maana nilipenda kuonekana mtu mzima.

Mume wake, mlamu wangu, alikuwa fundi wa kuezeka nyasi. Paa la kanisa lilikuwa kazi ya mikono yake. Jina lake silitaji hapa. Nililitaja mara moja, ikatosha. Alikuwa mtu wa mzaha, na kwa kuwa mlamu ana ruhusa ya kukutania, aliitumia ruhusa hiyo yote. Nilikuwa na tabia ya kukohoa nikifika kwenye neno gumu katika somo. Yeye aliketi mkeka wa mbele upande wa wanaume ili ahesabu nimekohoa mara ngapi. Tukitoka nje alisema, "Leo Nabii amekuumiza kifua, mlamu. Mara nne!"

Wapiganaji walipofika kijijini, nilijificha ndani ya nyumba yao, nyuma ya vihenge vya mtama. Walikuja saba, wamejifunga mabua ya mtama kichwani, na kiongozi wao ameshika kibuyu.

"Tunamtaka mwalimu wa Wazungu," alisema.

"Mwalimu gani?" mlamu alijibu kutoka uani. "Yule mkohozi? Amekwenda pwani na mabwana zake. Hata deni langu la kuku hakulipa."

Wakacheka kidogo. Kisha kiongozi akasema, "Wewe pia ni mtu wa kanisa. Kunywa, au nyumba hii iungue na waliomo."

Na waliomo tulikuwa mimi, dada na watoto watatu, mkubwa wao wa miaka mitano. Mlamu alikunywa mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia kwa mbali nyuma ya ua. Nilisikia koo lake. Alikunywa ili wasiingie. Lakini kiongozi aliingia hata hivyo, peke yake, akanikuta nimechuchumaa. Hakupiga kelele. Alininyoshea kibuyu tu. Sikungoja kutishwa. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama ninavyopokea kikombe altareni, nikanywa. Dada alikuwa amesimama mlangoni akaona. Mlamu aliingia nyuma yake akaona pia. Kiongozi yule aliuawa baada ya wiki chache na bunduki za askari. Kwa hiyo waliojua walibaki wawili.

Nilipokaa na karatasi ya Padre nilijua hesabu ilivyo. Majirani walimwona mlamu akinywa, kwa hiyo jina lake lingetajwa na yeyote. Tishio hawakulisikia; shahidi wa kwamba alilazimishwa, mbali na mkewe, nilikuwa mimi. Lakini Padre angeniuliza, "Wewe uliona ukiwa wapi? Na wewe walikuacha vipi?" Na hapo ushemasi ungekwisha. Nikaliandika jina lake, la kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya Ijumaa dada alikuja kwangu. Habari ya orodha ilikuwa imeenea. Hakuketi.

"Utalisoma jina la mume wangu?"

"Ni jambo la kanisa tu, dada. Mwaka mmoja mlangoni, basi."

"Mdogo wangu, una macho au huna? Karani wa akida, mtawala wetu wa Wadachi, husimama nje ya dirisha kila Jumapili. Padre anatafuta waliotenda dhambi. Yule anatafuta waliopigana. Wewe utamsomea."

"Hawezi kuchukua mambo ya ibada akayapeleka bomani."

"Nani atamzuia? Wewe?"

Nikaanza kuikunja karatasi. Akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto, "Mwambie Padre huwezi kusoma. Mwambie awaite mmoja mmoja chumbani kwake. Au mwambie uliyoyaona nyumbani kwangu. Huyu ni baba wa wanao."

"Nitaona," nilisema.

"Utaona nini?"

Jumamosi alikuja mlamu mwenyewe. Alikuwa amekonda kama sisi wote, suruali imefungwa kwa ukambaa.

"Mlamu, nasikia umenipa cheo. Nimo?"

"Umo."

"Wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili."

"Mtume kamili!" Akacheka, kisha akanitazama. "Na wewe wa ngapi?"

Mwishowe akasema, "Sitakutaja. Mtu hamvui nguo mlamu wake mbele ya watu. Lakini na wewe usinivue, basi. Tumekubaliana?"

Ningeweza kusema ndiyo na kutimiza, au kusema hapana akapata nafasi ya kukimbilia porini na familia yake. Nilisema, "Tutazungumza kesho baada ya ibada." Kati ya yote niliyotenda, jibu hilo ndilo linalonirudia zaidi. Alilichukua kuwa ahadi. Nililiona usoni mwake likichukuliwa kuwa ahadi, nikaliacha hivyo.

Jumapili kanisa lilijaa. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, watoto mbele kabisa. Tulipiga magoti kwenye mikeka, tukaimba zaburi kwa sauti za watu wenye njaa. Padre alihubiri kifupi. Kisha akanipa ishara. Karani alikuwa dirishani, amevaa kofia nyeupe, ameegemea ukuta kama mtu anayepumzika. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi. Nilimwona. Watu wakisema kwamba sikujua, nami nimewaacha wengi waseme hivyo, wajue leo kwamba nilimwona.

Nilisoma. Kila jina liliposomwa mtu aliinuka, akapita kati ya mikeka hadi mlangoni. Mama mmoja aliburuta mkeka wake. Mzee mmoja hakusikia, ikabidi ashikwe bega. Nilipofika la kumi na mbili sikukohoa. Mlamu alikuwa mbele yangu, hatua tatu hivi, ananitazama. Alibaki ameketi kidogo, si kwa ukaidi, ila kama mtu anayengoja mwingine aliyeitwa. Kisha akainuka, akakung'uta magoti, akaenda. Niliendelea hadi la ishirini na tatu.

Ibada ilipofika mahali wasiobatizwa hutoka, wale ishirini na tatu walitoka pamoja nao, na sisi tuliobaki tukaendelea. Nilipokea Komunyo asubuhi ile. Niliifungua midomo nikapokea.

Jumatatu kabla ya saa nne askari walifika na kamba. Wanaume kumi na wanne kati ya waliosomwa walifungwa shingo kwa shingo wakapelekwa Lindi kufanya kazi ya boma na barabara, adhabu ya vita. Padre aliwafuata mbio hadi mtoni, anapiga kelele kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna askari aliyeijua. Alikwenda Lindi mara mbili kuwaombea. Mara ya pili alirudi na saba. Mlamu wangu hakuwamo. Alikuwa amekufa kwa kuhara, kazini, akazikwa huko pamoja na wengine, bila alama.

Padre aliniita sakristia. "Tulikosea, mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imekatika. "Mimi nilikosea." Nami nilisimama pale nikamwachia abebe lake na langu.

Dada alikuja baada ya siku saba, na watoto wote watatu, na vyombo vichache vimefungwa kwenye mkeka. Nilidhani anahamia kwangu, kama ilivyo desturi yetu. Nilikuwa nimekwisha kufagia chumba.

"Karibu, dada."

"Nimekuja kukuaga. Naenda Kitomanga kwa mama mdogo."

"Hawa ni watoto wangu. Mimi ndiye mjomba wao."

"Mjomba wao alikuwa amesimama wapi Jumapili ile?"

Nikasema, kwa hofu ambayo naona aibu kuikumbuka, "Utamwambia Padre? Kuhusu mimi?"

Alinitazama muda, na uso wake ukabadilika. Nafikiri hadi dakika ile alikuwa bado ananionea huruma.

"Simwambii," alisema. "Nikimwambia atakuweka mlangoni, utatubu, utasamehewa. Sitaki usamehewe."

Akawashika watoto mikono wakaondoka. Yule mdogo aligeuka kunipungia, mama yake akamgeuza kichwa.

Barua ya Askofu ilikuja mwaka uliofuata. Niliitwa chuoni kujiandaa kwa ushemasi. Nilikuwa nimefunga mzigo. Padre alitaka niungame kabla ya safari, nikapiga magoti, na jambo likatoka lenyewe kama matapishi. Aliposikia hadi mwisho aliniuliza, "Kwa hiyo angeweza kutokuwamo katika orodha?" Nikasema angeweza. Hakuniuliza lingine. Aliandika barua nyingine kwa Askofu. Nilikaa mlangoni mwaka mzima, peke yangu, maana wengine walikuwa wamekwisha kurudishwa au kufa. Siku ya kurudishwa waumini walinishika mkono mmoja mmoja. Niliendelea kuwa mwalimu wa watoto kwa miaka thelathini na mbili. Watu ni wema. Wakiniona wanasema, "Shikamoo, mwalimu," na wengi wao ni watoto wa wale niliosoma majina yao.

Kitomanga nilikwenda mara tatu, na mara tatu dada hakutoka ndani. Watoto walisilimu pamoja na mama yao, wakalelewa vizuri. Sina neno juu ya hilo. Mwaka dada alipofariki, karibu ishirini baada ya vita, nilipata habari kwa mtu wa sokoni, nikaenda, nikafika siku ya tatu ya matanga. Kijana mrefu mwenye kofia, mkubwa wao, alinipokea kwa heshima na kunitandikia mkeka.

"Shikamoo, mzee. Umetoka mbali?"

"Marahaba. Nimetoka upande wa Mtama. Nilimfahamu marehemu."

"Mungu akulipe kwa safari. Sisi hatuna mjomba. Alituambia hakuzaliwa na kaka."

Alikuwa na sauti ya baba yake. Ningeweza kumwambia. Nilifikiri juu ya hilo wakati naletewa uji. Nikaona kwamba dada alikuwa ameamua, na kwamba baada ya niliyoyatenda sikuwa na haki ya kuligeuza neno lake juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Nilikunywa uji, nikaomba dua pamoja nao, nikaondoka kabla ya adhuhuri.

Niliisoma orodha ile ili nisiukose ushemasi, na ushemasi sikuupata. Mlamu wangu alikufa kwa sababu ya sauti yangu. Dada yangu aliishi na kufa bila kaka. Watoto watatu niliokabidhiwa mbele ya wazee wananijua, kama wananikumbuka, kuwa mzee mgeni aliyefika matangani.