Wilondja Aliyesikiliza kwa Sikio la Kushoto

Cheka kwanza. Cheka umalize kabisa, halafu nisikilize, maana nimechoka kukatizwa katikati na watu wanaoniuliza siku ile nilikuwa nimekunywa nini. Sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la mji wetu wa Baraka liko utosini, na mimi nilikuwa na akili zangu zote na bisibisi mkononi. Wanaosema mambo haya hutokea usiku tu, waache waseme. Cha kwangu kilikuja mchana kweupe, kikaninyanyulia mkono, kikafanya kazi na mimi zaidi ya saa nzima. Haki ya Mungu, haya sikuhadithiwa na mtu.

Miaka ile tulikuwa mafundi wawili wa magari, mimi na Wilondja. Tulijifunza kazi pamoja Uvira, tukalala mkeka mmoja miaka minne, kisha tukarudi Baraka kufungua gereji yetu ya mabati. Alikuwa zaidi ya ndugu. Mke wangu akipika ugali hakuuliza kama Wilondja anakuja, alipika wa watu watatu.

Siku moja Patron Amuri, mfanyabiashara wa pamba na ndagaa, akatuletea gari la mbio. Ndiyo, gari la mbio, hapa hapa kwetu! Dogo, jeupe, milango miwili, limelala chini hata kuku asingepita uvunguni. Mzungu mmoja wa pamba aliliacha wakati wageni walipoachishwa mali zao, na Amuri akalipata. Usiniulize vipi. Miaka ile watu walipata vitu. Yule mzungu alikuwa ameshalichezea kidogo: kabureta mbili badala ya moja, na bomba la moshi pana linalonguruma. Chini huku ziwani lilikimbia vizuri sana. Lakini likianza kupanda mlima kwenda Fizi lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likapitwa na malori ya mihogo. Amuri alitaka lipande bila kuhema siku ya gwaride la chama, wakubwa wakiwa wamesimama mbele ya ofisi ya zone, yaani ya wilaya.

“Muitengeneze muzuri,” alituambia. “Mi sitaki haya mbele ya bakubwa.”

Tukatazama njia zilizokuwepo. Ya kwanza ilikuwa kuchonga kichwa cha injini ili ibane zaidi, lakini mashine ya kazi hiyo ilikuwa mbali na sisi. Ya pili ilikuwa kuwahisha moto, yaani kuzungusha delko, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, ili cheche ipige mapema kidogo. Hiyo haihitaji kitu, ila ukizidisha unatoboa pistoni, hasa kwa petroli yetu ya mapipa iliyochanganywa na sijui nini. Na kulikuwa na jikleri, vile vishaba vidogo vyenye tundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta. Mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo tundu linalofaa ziwani linamwaga petroli kupita kiasi huko juu. Ule moshi mweusi ulitoka hapo. Wilondja alisema tuweke jikleri ndogo kidogo tu, na delko tuiguse kidogo mno. Mimi, nikiri, nilitaka moto mwingi. Nilitaka gari lile lipande kama limefukuzwa. Tukabishana, akanishinda, akapanda boti kwenda Kalemie kutafuta jikleri.

“Usiguse kitu mbaka nitarudia, ndugu,” aliniambia akiwa ndani ya maji mpaka magotini.

Siku ya tano, saa saba mchana, nikamwona anakuja kutoka upande wa ziwa. Peke yake, bila mfuko, na shati lake lile lile la buluu.

“We! Umerudia mbio hivi?” nikamwita.

Akanyanyua mkono, akatabasamu, akafungua kiganja. Jikleri mbili, zinang'aa. Tayari injini ilikuwa inawaka, nilikuwa naipasha moto, basi sikumwuliza zaidi.

Hapa lazima nikueleze namna tulivyofanya kazi, la sivyo utaniona mjinga. Hatukuwa na chombo chochote cha kupimia. Fundi wetu wa Uvira alitufundisha hivi: mmoja anashika delko, mwingine anaweka ncha ya bisibisi juu ya chuma cha injini na mpini wake sikioni, anasikiliza kama daktari. Ukifungua mdomo unakula kofi, maana maneno yanaharibu sikio. Kwa hiyo tulisemezana kwa vidole. Gumba juu, ongeza. Gumba chini, punguza. Ngumi, kaza. Miaka yote ile, mbele ya injini hatukuwahi kutamka neno. Sasa unashangaa nini kwamba nilikaa na kitu kile zaidi ya saa nzima bila kugundua kwamba hakijasema hata “jambo”?

Nikazima, akaweka zile jikleri kwa mkono wake, nikawasha tena. Akachukua bisibisi, akainama, akatega sikio la kushoto.

Sikiliza vizuri hapo. Sikio la kushoto la Wilondja lilikufa Uvira, siku tairi la lori lilipopasuka karibu naye. Na mimi niliona. Naapa niliona, nikajiambia labda safari imemchosha. Akanyanyua gumba, nikazungusha delko. Gumba tena, nikazungusha tena. Injini ikaimba kwa namna ambayo sijaisikia tena maishani, na chini ya wimbo ule nikasikia kitu kingine, tik-tik-tik, kama mahindi yanayoanza kupasuka chunguni. Ni sauti ya moto uliowahi mno. Kila fundi anaijua. Nikamtazama usoni. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, na paji lake yeye lilikuwa kavu kabisa. Gumba juu. Nikazungusha mara ya mwisho, akafumba ngumi, nikakaza bolti.

Kwa nini nilimtii? Kwa sababu alikuwa Wilondja! Ungekuwa wewe ungefanya nini, ungemwomba kitambulisho? Na kwa sababu, nitasema yote, alikuwa amenipa kile nilichokitaka tangu mwanzo.

Nikakimbia nyumbani kumwambia mke wangu aongeze ugali, msafiri amefika. Niliporudi gereji hapakuwa na mtu. Nikadhani ameshuka ziwani kuoga. Kabla hajarudi, Amuri akafika, akawasha injini, akausikia ule wimbo, akacheka kama mtoto, akaondoka na gari papo hapo kulijaribu mlimani.

Hakufika Fizi. Kwenye kona kali ya mlima injini ilikufa ghafla, pistoni zimetobolewa, gari likarudi nyuma likaangukia korongoni. Amuri akachukuliwa hadi zahanati, mguu umevunjika mara mbili. Jua halijazama nikawa nimesimama mbele ya sajini.

“Nani alitengeneza ile motere?” akauliza.

Mikono iliyokaza bolti ilikuwa yangu. Masikio yaliyosikia tik-tik yalikuwa yangu. Nikajibu, “Ni Wilondja. Mi nilishika tu.” Na nilisema kwa hasira, kwa sababu niliamini amenisaliti. Aliniongoza kwa gumba lake mpaka shimoni, kisha akatoweka! Nilimtukana mbele ya mke wangu, nikamtukana na mama yake aliyenilisha. Sijawahi kuumizwa na mtu vile.

Siku ya tisa boti ya Kalemie ikafika. Askari wawili, basoda kama tunavyowaita, walikuwa wanamngoja ufukweni. Wilondja akashuka na mfuko begani, ananitafuta kwa macho, na aliponiona akaninyooshea karatasi ndogo iliyokunjwa. Jikleri! Abiria wote wakapiga kelele kwamba mtu huyu alikuwa Kalemie siku zote hizo, na mwenye boti akaapa kwamba njiani ndiye aliyeitengeneza injini yao. Askari wakasema ripoti imeshaandikwa. Wenye umri wangu wanajua: wakati ule, karatasi ikishaandikwa, mtu ndiye aliyebadilishwa afanane nayo.

Nikapanda mbio hadi korongoni, nikafungua kabureta za lile gari. Mahali pa jikleri palikuwa na mifupa miwili ya uti wa samaki, ile midogo ya mviringo, imetobolewa katikati. Niliishika kwa vidole hivi. Nikampelekea sajini, nikamweleza kila kitu, sikio la kushoto, paji kavu, yote.

“Sitwayeni,” akaniambia, kama raia walivyoitwa miaka ile, “unataka nifunge samaki?” Wakacheka wote, akaitupa nje dirishani.

Wilondja alifungwa Fizi wiki sita. Kila Jumamosi nilimpelekea chakula, na kila Jumamosi chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Alipotoka nilimngojea njiani. Alikuwa amekonda, anatembea akishika kiuno. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe, huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Naamini,” alisema. “Ile kitu ilikuwa na sura yangu, nakubali. Lakini kinywa yenye ilitaja jina yangu kwa basoda, ilikuwa ya nani?”

Akashika njia yake, hakungoja jibu. Leo yuko Nundu, anatengeneza injini za boti, watu wanamsifu. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa adabu, kama unavyomsalimia mtu wa ofisini. Mimi magari niliacha. Mtu akinyanyua gumba tu, hata anayesimamisha lori njiani, mkono wangu wa kulia unazunguka wenyewe kama umeshika delko, kwa hiyo natengeneza baiskeli, ambazo hazina la kusikiliza.

Wengine wanasema ni mzimu wa ziwa, wengine wanasema ni mtu aliyetuonea wivu akatutumia kitu hicho. Mimi sijui, na nakichukia kitu kile mpaka kesho, maana kilichagua sura moja tu duniani ambayo nisingeikagua. Lakini nikuambie wewe unayenisikiliza: kikija kwako hutakizuia. Kitakuwa na sura ya yule unayempenda, na kitakupa kile unachokitamani. Ila wakija kukuuliza nani amefanya, anza kwa kusema mikono yako mwenyewe ilifanya nini. Mimi sikusema, na ndugu yangu akalala kwenye saruji wiki sita.