Kona ya mpunga: jinsi gari langu la rimoti lilivyojifunza kupinda

Jumamosi, tarehe tatu mwezi wa pili. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya kuanikia mpunga hapa Minjila, karibu na Garsen, nikifungua springi za gari dogo la rimoti.

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa fizikia, umri umeshasogea, na haya yalinitokea mwenyewe. Sitaongeza chumvi.

Gari langu ni la mbio za lami. Linahitaji mahali laini, na huku kuna mahali pamoja tu pa aina hiyo: sakafu ya saruji ya kikundi cha akina mama wakulima.

Mimi na Abdi, muuza dawa za mifugo, tuliruhusiwa kuchezea upande mmoja. Upande wa pili, mpunga juani.

Tatizo lilikuwa kona. Kila nilipokata kwa kasi, gari lilikataa kupinda, likanyoosha hadi kwenye mpunga. Mara mbili!

"Madam, hiyo ni gari ya mashindano ama ni trekta?" Abdi akacheka.

Mama Habona, mwenyekiti wa kikundi, hakucheka. "Ikigusa mpunga wetu mara ya tatu, mtafute uwanja mwingine."

Uwanja mwingine haupo, wakuu.

Kosa la kwanza nililigundua: nilikuwa nimenakili vipimo vya wachezaji wa ng'ambo, wanaokimbiza magari juu ya zulia linaloshika tairi. Springi zao za mbele ni ngumu. Kwenye saruji, ugumu huo ulizitelezesha tairi zangu za mbele. Nikaweka springi laini.

Nafuu ikaja, lakini bado liliteleza.

Ndipo Mama Habona akaonyesha gunia lenye unyevu lililotandikwa ukingoni. "Madam, wewe umefuta miguu hapo. Mimi nimefuta. Abdi na viatu vyake vya zizini amefuta. Hii gari ni bibi harusi, isifute?"

Nikaligeuza gari, nikazitazama tairi zake. Gari nilikuwa nimelijaribu kwanza barabarani, kwenye vumbi tupu, kisha nikalitua sakafuni vivyo hivyo. Na mimi nafundisha msuguano kila mwaka!

Nikazifuta tairi zote nne guniani, nikazikausha kwa leso, nikavuta kasi yote.

Wakuu, lilipinda! Liliikumbatia kona, likaupita mpunga kwa upana wa kiganja, likatoka likivuma.

"Wallahi!" Abdi akapiga kelele. Nami niliruka kama msichana, rimoti mkononi.

"Rudia," akasema Mama Habona. "Sikuona vizuri."

Nilichojifunza: jua kwanza gari lako linakanyaga nini, ndipo ushike bisibisi. Wenye kuchezea sakafu zenye vumbi, niambieni mnatumia springi gani. Nitasoma kila jibu.

Wiki tatu baadaye nilikiandikia kikundi barua, kuomba sakafu kila Jumamosi mpunga ukishaanuliwa. Nilimalizia hivi:

"Tunaahidi kwamba hakuna gari litakaloingia kabla ya kufuta miguu. Na tunaomba dereva wa kwanza awe mwenyekiti wenu, kwa kuwa nimerudia mara tisa na bado anasema hakuona vizuri."