Uyoga Mweupe wa Kando ya Kichuguu

Ningekataa siku ile jirani aliponiomba niwaongoze yeye na mke wangu msituni kutafuta uyoga, nisingekuwa na mambo haya ya kuandika. Nilikubali kwa sababu nilipenda kuitwa mjuzi. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, tukikaa Tensta, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi, mlango kwa mlango. Yeye alitoka Kongo, mimi Tabora. "Ndugu, wewe ni mutu wa pori," aliniambia. "Sisi ba mujini tutakula hata sabuni." Mke wangu akacheka.

Kwetu uyoga mtamu huota kwenye vichuguu mvua zikianza. Mchwa ndio wanaoulima. Ukikiona kichuguu, huna haja ya kuuliza mtu. Hiyo ndiyo elimu niliyoingia nayo katika msitu wa baridi, mwezi wa Septemba, baada ya juma zima la manyunyu. Miti yenye majani kama sindano ilisimama imelowa. Chini ya mmoja nikaona lundo la sindano kavu, linanifika kiunoni, limejaa sisimizi wakubwa. Kando yake palikuwa na uyoga mweupe, safi.

Mke wangu akainama. "Una hakika, bwana? Huku si kwetu."

"Kichuguu ni kichuguu," nikamjibu.

Bibi mmoja wa Kiswidi aliyebeba kikapu alisimama, akatazama mfuko wetu, akasema polepole kwa lugha yake kwamba huo hauliwi. Nilimshukuru kwa adabu. Alipopita nikawaambia wenzangu kuwa Wazungu wanaogopa kila kitu. Tena nilikuwa nimeona jambo. Uyoga wa kwetu una mzizi mrefu unaozama kichuguuni. Huu ulikuwa na kifuko shinani. Niliona, nikanyamaza, kwa kuwa jirani alikuwa akinitazama.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba sisimizi wale hawalimi uyoga. Lundo ni nyumba yao tu, ya kuwatunzia joto. Uyoga ule huishi na mizizi ya miti, hupeana nayo chakula, na kuota kwake pale kulikuwa bahati tu. Msitu haukunidanganya. Niliusoma kwa macho ya Tabora.

Mke wangu aliupika kwa karanga. Nilikula vijiko viwili nikawahi zamu ya kusafisha treni; yeye alikula sahani nzima. Kesho yake tulitapika sote. Siku ya tatu alisema amepona, akafua nguo. Siku ya nne macho yake yakawa ya manjano. Hospitalini walisema ini limekwisha.

Jirani alikuja kunipa pole. Nikamuuliza fungu lake la uyoga alilipeleka wapi.

"Niliutupa njiani, ndugu. Nilimusadiki yule bibi. Sikutaka kukuaibisha mbele ya muke wako."

Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Nilikubali kuongoza watu mahali nisipopajua, kisha nikaona haya kusema sijui. Kwa hilo nilimpoteza mke wangu, akiwa na miaka thelathini na mmoja.