Blanketi Kwenye Mizani

Ti, ti, ti. Hadi leo naisikia kalkuleta ya daktari wangu, kila kitufe kikilia kama kifaranga. Yangu haikuwa na sauti wala betri. Chakula chake kilikuwa mwanga. Karibu darasa zima tulinunua za aina hiyo, bila kukumbuka kwamba Kisii mvua hunyesha kila alasiri.

Nilikuwa nasomea ufamasia, nikiota duka langu mwenyewe kwetu Sironga, na nilikuwa nimetumwa kujifunza kazi katika duka la dawa mjini. Mfamasia wa pale, ambaye wateja wote walimwita daktari, alikuwa na sheria moja: dawa ya mtoto mchanga hupigiwa hesabu na watu wawili, kila mmoja na kalkuleta yake, kisha zote mbili zinalazwa kwenye kaunta. Zikikataana, dawa haitoki.

Siku hiyo stima zilikuwa zimepotea. Mong'ina mmoja, bibi wa makamo ya uzee, akaingia, ametoka Marani, amelowa chapachapa, mjukuu mgongoni anawaka homa. Cheti cha hospitali kilisema malaria. Dawa yenyewe ilikuwa kali, ya kupimwa kwa kilo. Ikizidi, moyo wa mtoto ungeumia.

"Mfungue tumpime," nikasema.

"Hapa? Na macho yote haya?" Akaonyesha watu waliojikinga mvua mlangoni. Kwetu mtoto mchanga haanikwi mbele ya wageni, jicho baya lisije likampata.

Basi daktari akampima na blanketi lake. Ti, ti, ti, akamaliza. Kioo cha kalkuleta yangu kilikuwa kitupu. Nikakimbilia mlangoni kutafuta mwanga, na nilipogeuka nikaona maji yakichuruzika kutoka kwenye mizani.

"Daktari, blanketi limenyonya mvua."

"Sasa daktari mdogo anataka kupima mvua?"

"Nataka kuitoa, daktari."

Daktari akainama, akayaona maji. Kisha akabeba mizani hadi stoo, kando ya dirisha. Nikavua koti langu jeupe, nikalishikilia mlangoni kama pazia, na mong'ina akamfungua mtoto. Maskini, alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Tukampima upya. Pale dirishani kalkuleta yangu ikafufuka. Tukazilaza pamoja, zikasema neno moja. Hesabu ya kwanza ilikuwa kubwa mno.

"Kumbe mlitaka kulitibu blanketi!" mong'ina akacheka, huku akijifuta machozi. Daktari naye akacheka, akapima dawa kwa hesabu mpya.

Mtoto alimeza dawa, akakunja uso, akatupigia kelele za hasira. Sijawahi kufurahia kilio namna hiyo.

Wiki hiyo hiyo mong'ina alirudi na mjukuu anayerusha mateke. "Muone! Hata usiku hakulaliki naye, mwanangu," akaniambia. Walipoondoka niliingia stoo, nikafunga mlango, nikacheza kwa furaha peke yangu katikati ya maboksi ya dawa.